Kadi ya biashara isiyokata ada ya nje: nichukue ipi?

Swali. Niko Houston, Texas. Nina kampuni ndogo (LLC) ya kuuza vitenge, abaya na mashuka. Mzigo mwingi nanunua Deira, Dubai, kama dola 2,500 kwa mwezi, na nalipa kwa kadi. Mara mbili kwa mwaka napitia Dar es Salaam. Matangazo ya Facebook na Instagram yananila dola 400 kwa mwezi, kago na kutuma vifurushi kwa wateja dola 500, tiketi na hoteli ni kama dola 5,000 kwa mwaka. Kadi yangu inarudisha asilimia 1.5 kwa kila kitu na haina ada ya mwaka, lakini kila nikilipa Dubai naona mstari wa makato chini ya malipo. Marafiki kila mmoja anasifia kadi yake. Nataka kadi ya biashara yenye zawadi na isiyo na makato hayo. Nichukue ipi?

Jibu. Dada, umekuja na hesabu mkononi, na hiyo ni nusu ya kazi. Tuanze na huo mstari wa makato, kisha tutawafikia marafiki zako na kadi zao.

Kadi za Marekani zenye ada ya miamala ya nje nyingi hukata asilimia 3 au karibu na hapo. Sehemu yake, takriban asilimia 1, hutokana na kile Visa au Mastercard wanachoitoza benki. Inayobaki ni ya benki yenyewe. Mzigo wako wa Deira ni dola 30,000 kwa mwaka. Katika zile 5,000 za safari, tuchukulie 2,000 ni hoteli za Dar. Jumla inayotoka nje ya Marekani ni 32,000, na asilimia 3 yake ni dola 960. Kwa fedha hizohizo kadi yako inakurudishia asilimia 1.5, yaani dola 480. Kwa maneno mengine, kila unapofurahia pointi za mzigo wa Dubai umeshazilipia mara mbili ya thamani yake.

Nahisi utasema: lakini yule muuzaji ananiandikia ankara kwa dola, si kwa dirham. Haisaidii. Masharti ya kadi nyingi huhesabu muamala kuwa wa nje kwa kuangalia muuzaji au benki yake iko wapi, hata kama hakuna fedha iliyobadilishwa. Ndiyo maana mtu anakaa sebuleni kwake Houston, analipia programu ya kompyuta ya kampuni ya Ulaya kwa dola, na bado anakatwa. Tiketi ya ndege nayo inaweza kukuletea hayo ukinunua kwenye tovuti ya shirika la kigeni na malipo yakapitia huko kwao. Kwa hiyo pitia stetimenti za miezi kadhaa nyuma ukitafuta huo mstari wa makato. Usitafute majina ya nchi peke yake.

Sasa kadi zenyewe. Kuna jambo linalowachanganya watu wengi: kadi ya biashara yenye zawadi nono si lazima iwe haina ada ya nje, hata ikitoka benki ileile. Chase wana kadi za biashara zinazoitwa Ink. Ink Business Cash na Ink Business Unlimited hazina ada ya mwaka, watu wanazipenda sana, na zote mbili hukata asilimia 3 nje. Ndugu yao, Ink Business Preferred, ana ada ya dola 95 kwa mwaka na hakati chochote. American Express wana Blue Business Plus: haina ada ya mwaka, inatoa pointi 2 kwa kila dola hadi dola 50,000 kwa mwaka, na ukilipa nje ya Marekani inakukata asilimia 2.7. Naamini angalau rafiki yako mmoja anakusifia moja ya hizi, na pengine yeye anazifaidi kwa sababu hanunui kitu nje. Wewe hazikufai kwa mzigo wa Dubai.

Capital One ni rahisi zaidi kwa upande huu, maana kadi zao za Marekani hazikati ada ya miamala ya nje, za biashara na za binafsi. Bank of America nao wana Business Advantage Travel Rewards, isiyo na ada ya mwaka wala ya nje, pointi 1.5 kwa dola. Ila pointi zake zina thamani kamili ukifidia gharama za safari, ukizitaka taslimu zinashuka. Wewe faida unairudisha kwenye mzigo, kwa hiyo hiyo naiweka kando.

Nimezipitisha kadi 4 kwenye matumizi yako uliyonitajia: mzigo 30,000, matangazo 4,800, kago na vifurushi 6,000, safari 5,000, jumla 45,800.

Capital One Spark Cash Select inarudisha asilimia 1.5 kwa kila kitu, haina ada ya mwaka. Unapata dola 687. Kadi ileile kimahesabu uliyo nayo sasa, tofauti ni kwamba zile 960 hazitoki.

Spark Cash Plus, ya benki hiyohiyo, inarudisha asilimia 2 lakini ada yake ni dola 150 kwa mwaka, na deni lote lazima lilipwe kila mwezi. Unapata 916, toa 150, zinabaki 766.

Ink Business Preferred inatoa pointi 3 kwa dola kwenye safari, usafirishaji, matangazo ya mitandao ya kijamii na ya injini za utafutaji, simu na intaneti, hadi dola 150,000 kwa mwaka kwa ujumla wake. Kwingine kote, pointi 1. Hapa wengi wanajikwaa. Wanaona "3" kubwa kwenye tangazo na kusahau kwamba mwagizaji wa bidhaa pesa yake kubwa iko kwenye bidhaa, na bidhaa ziko kwenye ile 1. Kwako: pointi 47,400 kutoka matangazo, kago na safari, pamoja na 30,000 za mzigo, ni pointi 77,400. Ukizitoa taslimu kwa senti moja ni dola 774. Toa ada ya 95, zinabaki 679. Yaani imeshindwa, kwa dola chache, na kadi ya bure.

Spark Miles inatoa maili 2 kwa dola, ada ni 95 ambayo kwa kawaida husamehewa mwaka wa kwanza. Maili 91,600. Ukizitumia kufidia gharama za safari ni dola 916, toa 95, zinabaki 821. Ukitaka taslimu, kila maili ni nusu senti tu, na hesabu yote inaporomoka hadi 458 kabla ya kutoa ada. Kadi ya maili ni ya mtu anayesafiri kweli na ana subira ya kutafuta viti.

Tazama basi namba hizo: 687, 766, 679, 821. Kati ya ya juu na ya chini ni dola 142. Halafu tazama 960 inayokutoka sasa. Mabishano yote ya marafiki zako yamo ndani ya hizo 142, na kila mwezi unaochelewa ukitafuta kadi bora kuliko zote unamwachia benki dola 80. Chagua yoyote kati ya hizi mwezi huu na utakuwa umeshafanya sehemu kubwa.

Nikilazimishwa kuchagua kwa niaba yako, ningeanza na Spark Cash Select kwa ajili ya Dubai na Dar. Baadaye, ukiona una utulivu wa kushughulikia bili mbili, ongeza Ink Business Preferred kwa matangazo, kago na safari peke yake. Mzigo kwa asilimia 1.5 ni dola 450, hayo mengine kwa pointi 3 ni dola 474, toa ada 95: jumla 829. Ni dola 142 zaidi ya kuwa na kadi moja ya bure. Kwa wengine hizo ni nauli, kwa wengine ni kero ya kukumbuka tarehe mbili.

Kuna kitu kinachoweza kuigeuza hesabu hii kwa mwaka wa kwanza, nacho ni zawadi ya kukaribisha. Miaka ya karibuni Ink Business Preferred imekuwa ikitoa makumi ya maelfu ya pointi kwa anayetumia dola 8,000 ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Wewe kwa miezi 3 unapitisha zaidi ya 11,000 bila kununua kitu cha ziada, kwa hiyo ungeifikia. Mwaka huo mmoja, zawadi hiyo inazidi tofauti zote nilizoziorodhesha. Ofa hubadilika, soma ya siku utakayoomba. Na kama ndani ya miezi 24 iliyopita umefungua kadi 5 za benki yoyote, Chase huenda wakakukatalia. Hawaitangazi kanuni hiyo, lakini kila anayefuatilia kadi anaijua. Nakuomba tu usiagize majora usiyoyahitaji ili kukimbiza zawadi. Kitenge kilichokaa dukani mwaka mzima hakilipwi na pointi.

Pia usichukulie kwamba "usafirishaji" wa benki ndio usafirishaji wako. Benki haisomi risiti; inasoma msimbo wa aina ya biashara ambao muuzaji alisajiliwa nao kwenye mtandao wa kadi. FedEx na UPS hazina shaka. Wakala wa kago wa Deira ambaye amesajiliwa kama duka la jumla atakupa pointi 1 hata kama kazi yake yote ni makontena. Lipa mara moja kidogo, subiri stetimenti, uone umepewa ngapi.

Sasa mambo ya huko dukani kwenyewe, maana kadi isiyokata ada ya benki bado inaweza kukatwa na wengine.

La kwanza ni mashine ya kadi kukuuliza unataka kulipa kwa dola au kwa fedha ya pale. Inaonekana ni heshima: wewe Mmarekani, tunakuonyesha bei kwa fedha yako. Kubadilisha huko hufanywa na kampuni ya mashine kwa bei yake, na faida wanagawana na mwenye duka. Dubai ni mahali pazuri pa kuwashika, kwa sababu dirham imefungwa kwa dola tangu 1997: dirham 3.6725 kwa dola moja, haipandi haishuki. Mzigo wa dirham 3,672.50 ni dola 1,000, hesabu ya darasa la nne. Kioo cha mashine kikikuonyesha dirham 3,672.50 upande mmoja na dola 1,035 upande wa pili, umeshaona asilimia 3.5 yako inaelekea wapi. Bonyeza dirham. Mwenye duka akibonyeza dola kwa haraka kabla hujaona, mwambie afute aanze upya. Ni haki yako kuchagua.

Dar ni vilevile, ila ni vigumu kuona kwa jicho kwa sababu shilingi inapanda na kushuka. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania, kwa hiyo bili ya hoteli unapaswa kuikuta kwa shilingi. Ilipe kwa shilingi. Visa na Mastercard watabadilisha kwa bei yao, ambayo mara nyingi inakaribia sana ya soko, na kadi isiyo na ada haitaongeza kitu juu yake.

La pili ni lile la "ukilipa kwa kadi ongeza asilimia mbili na nusu". Unalijua, Deira limejaa. Hapo pointi zimekufa: unapata 1.5, unatoa 2.5. Kwa ankara ya dola 2,500 nyongeza hiyo ni dola 62.50. Kutuma kwa benki kutoka Marekani mara nyingi huanzia dola 40 hivi, na benki ya upande wa pili inaweza kumega kidogo, kwa hiyo kwa ankara kubwa benki inashinda na kwa ndogo kadi inashinda. Lakini pima na jambo jingine. Mzigo ukija pungufu, au usipokuja kabisa, malipo ya kadi unaweza kuyapinga kupitia benki yako. Pesa uliyotuma benki kwa benki imekwenda. Kwa muuzaji mpya mimi ningekubali kulipa hiyo nyongeza mara ya kwanza na ya pili. Kwa yule mnayejuana miaka, mnayeulizana habari za watoto, uliza bei ya taslimu na bei ya kadi kabla hujatoa pochi. Na usiridhike na jibu la kwanza.

Kariakoo sitaki kukudanganya: kadi yako itakaa pochini. Kule ni taslimu au Lipa Namba. Usiingie kwenye ATM na kadi ya mkopo ukidhani kwa kuwa haina ada ya nje basi ni bure. Kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo kuna ada yake, riba inaanza siku hiyohiyo bila zile siku za kupumua, na pointi hupati. Tumia kadi ya kawaida ya akaunti yako ya benki, yenye makato nafuu ya ATM. Na beba kadi mbili za mitandao tofauti, Visa moja na Mastercard moja. American Express kwa Dar ni bahati nasibu ukishatoka kwenye hoteli kubwa.

Nirudi Houston kidogo, kwa sababu hili la mwisho ndilo huwauma watu baada ya mwaka. LLC yako ni kampuni, lakini benki itakutaka uweke sahihi ya kudhamini deni wewe mwenyewe. Biashara ikikwama, wanakufuata wewe. Zaidi ya hapo, Capital One huripoti kadi zao nyingi za biashara kwenye rekodi yako binafsi ya mikopo, Spark Cash Select ikiwemo. Spark Cash Plus hairipotiwi kwa kawaida. Chase na American Express huwa hawaripoti ila mambo yakiharibika. Maana yake ni hii: ukipewa kikomo cha dola 5,000 na ukapitisha 3,800 mwezi huo, rekodi yako itasoma kwamba umetumia asilimia 76 ya mkopo wako, na alama zako zitashuka hata kama unalipa yote kila mwezi. Kama una mpango wa kuomba mkopo wa nyumba hivi karibuni, basi lipa kabla stetimenti haijatoka, au anza na Ink Business Preferred na uikubali ile ada ya 95. Hapo ningebadili ushauri wangu bila kusita.

Jua pia kwamba sheria ya kadi ya mwaka 2009, ile inayomzuia mwenye kadi kupandishiwa riba ghafla bila taarifa ya siku 45, iliandikwa kwa ajili ya kadi za binafsi. Kadi ya biashara haimo. Baadhi ya benki hufuata kwa hiari, lakini usiitegemee. Na riba ndiyo inayomaliza mjadala wote wa zawadi: deni la dola 2,500 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka ni dola 50 kwa mwezi mmoja, wakati pointi za mzigo huo ni dola 37.50. Kama kuna miezi ambayo mzigo haujauzika na deni linalala, tafuta kadi au mkopo wenye riba ndogo na usahau pointi.

Siku unayoomba, fungua jedwali la ada kwenye tovuti ya benki yenyewe, utafute mstari wa miamala ya nje, na uhakikishe unasema hakuna. Usisome kwenye tangazo wala kwenye ukurasa wa mtu anayelipwa kamisheni kwa kila kadi.

Ile kadi ya zamani usiifunge. Haina ada ya mwaka, na umri wake unaisaidia rekodi yako. Iache kwa manunuzi ya hapa Texas, lakini ingia leo kwenye kila tovuti ya nje ulikoihifadhi, kwa muuzaji wa Deira, kwa hoteli, kwa programu unazolipia kila mwezi, uifute humo.